Aliyekalia Mdomo wa Tangi

Kazi ya kuosha matangi ya maji ni kazi ya kungoja. Watu hudhani ni kazi ya kusugua, na kusugua kupo, lakini kabla hujasugua lazima maji yatoke, na maji ya jengo la ghorofa nane hayatoki kwa kubembelezwa. Unafungua valvu, unawasha pampu, unapindua ndoo unaikalia, unangoja. Katika kikosi cha watu watatu alikuwamo mwanamke mmoja. Wenzake wawili walikuwa na namna zao za kungoja: mmoja alilala, mwingine alipiga soga hata na ukuta. Yeye hakuwa na namna yake mpaka siku alipookota kitabu.

Kilikuwa kimeachwa juu ya boksi la mita katika chumba cha pampu, jalada limevimba kwa unyevu. Kilikuwa kitabu cha kwanza katika mfululizo ulioitwa Watu wa Visima. Kilisimulia nchi isiyo na mto wala mvua, ambako kila ukoo huishi ndani ya kisima chake, na msichana mmoja aliyekataa kuozwa kisima cha jirani, akashika sururu na kuanza kuchimba njia yake mwenyewe kwenda chini. Alikifungua ili apoteze muda tu. Tangi lilipokauka wenzake walimwita, wakamwita tena, mwisho shemeji yake akaja kumtikisa bega.

"We Kurasa! Tangi limekauka mpaka limeanza kuona kiu."

Jina likamganda hapohapo. Hata dada yake mkubwa, aliyemlea, alianza kumwita Kurasa.

Shemeji huyo, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa mwenye pampu, mwenye gari la kubebea vifaa na mwenye wateja. Alimchukua kazini baada ya karakana ya ushonaji alikokuwa akifanya kazi kufungwa. Alikuwa mtu wa kifua kipana na kicheko cha kutikisa vikombe, asiyeogopa kitu chini ya jua isipokuwa mkewe akinyamaza. Wa tatu wao alikuwa fundi pampu, aliyeitwa Kipara kwa sababu ambayo kila mtu aliiona.

Kurasa hakuwahi kumaliza kitabu tangu atoke shule. Sasa akawa hamalizi wiki bila kupita kwa muuza vitabu vya mitumba nyuma ya soko, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Wakawa wakisalimiana kwa salamu ya vitabuni. "Maji yakujue," alisema Kurasa. "Na kiu ikusahau," mzee alijibu, kisha akainama chini ya meza kumtolea kitabu alichomfichia.

Zamani, akiulizwa kazi yake, alisema kwa haraka kwamba yuko kwenye mambo ya maji, akageuza mazungumzo. Sasa alitembea barabarani akiyatazama majengo kuanzia chini. Alijua kwamba chini ya kila jengo kuna chumba cha giza kilichojaa maji, na watu wa juu wanapiga mswaki bila kukiwaza, na yeye ndiye anayekifahamu. Fundi cherehani mmoja mpole alikuwa amekuja kwao mara kadhaa na nia njema ya kumwoa. Kurasa alimuuliza, kama angezaliwa katika nchi ile, angechagua kuishi kisima gani. "Mimi nyumbani nina bomba," akajibu yule bwana. Kurasa alilifikiria jibu hilo, akalifikiria tena, akamwomba asijisumbue kurudi. Dada yake alishika kichwa.

Basi mambo yalikuwa hivyo, raha tupu, mpaka kikatoka kitabu cha nne, Kisima Kikavu.

"Hiki usikisome ukiwa peke yako," mzee wa vitabu alimwambia, na safari hii hakutabasamu.

Katika kitabu hicho ndimo alimokuwa Mnywapumzi. Mnyama huyo hakuwa na kucha, hakuwa na macho, hakuwa na harufu. Aliishi katika visima vilivyohamwa na maji, na alikuwa na subira. Aliyeshuka kwake hakuona kitu wala hakusikia kitu. Alijikuta amechoka tu, akakaa chini kidogo, na hakuinuka tena. Kulikuwa na sura moja ya ndugu wawili. Mdogo alishuka, akanyamaza. Mkubwa akamfuata kwenda kumtoa. Mama yao alisimama juu akisikiliza mmoja akinyamaza, kisha wa pili. Na msimulizi akaandika kwamba Mnywapumzi hana haja na wa kwanza. Wa kwanza ni chambo cha wa pili.

Kurasa aliisoma sura hiyo akiwa amekalia ndoo, kando ya tangi ambalo dakika chache baadaye alitakiwa kuingia yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwembamba. Aliingia analia kimyakimya, akasugua kama anayefukuzwa, akatoka nguo zimelowa jasho kuliko maji.

Tangu hapo hofu ikahamia kwake. Bafuni aliweka kigoda mlangoni ili mlango usijifunge. Ndoo tupu alizilaza kifudifudi zote, hata glasi. Akipita karibu na shimo lolote barabarani alihama upande. Alijua vizuri kwamba ni hadithi, imetungwa na mtu anayekula na kulala kama yeye. Akili yake ilijua. Magoti yake hayakuwa na habari. Na bado kila Jumapili aliirudia sura ileile, kama mtu aliyekula pilipili ikamtoa machozi kisha akanyoosha mkono kuchukua nyingine.

Kosa lake lilikuwa kuwasimulia wenzake.

Walimsikiliza kwa adabu ya kutia shaka. Siku chache baadaye walikuwa wakiosha tangi la zege chini ya nyumba za kupanga, tangi kubwa lenye ukuta wa kati. Kurasa alishuka na tochi. Alipofika nyuma ya ukuta ule, kitu kikamshika kifundo cha mguu, kikavuta pumzi ndefu, hhhhh. Alipiga yowe lililowatoa wapangaji kwenye veranda. Alianguka kifudifudi, jino la mbele likavunjika ncha.

Alikuwa ni shemeji yake, aliyetangulia kujificha humo. Yeye na Kipara walicheka mpaka wakashikana. Kisha waliona damu, kicheko kikawakauka. Shemeji alimpeleka kwa daktari wa meno mwenyewe, akamnunulia soda, akamwomba radhi njia nzima. Nyumbani mkewe alimpiga kofi la bega. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha! Ungemuua mdogo wangu!"

"Haki ya nani, sirudii."

"Basi nitaingia kwa kamba," Kurasa alisema, mkono mdomoni. "Nikiingia nimefungwa kamba kifuani, na mtu juu ameishika. Bila hivyo siingii."

Hivyo ndivyo walivyoshuka Watu wa Visima, kwa kamba waliyoiita kitovu. Hakuwaeleza hilo. Shemeji, kwa kuwa alikuwa na deni la jino, alikubali. Yeye mwenyewe hakufunga kamba hata siku moja. Alisema mwanamume akifungwa kamba anafanana na mbuzi.

Asubuhi ya siku yenyewe walikwenda kwenye hoteli ya zamani iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi. Mmiliki mpya alikuwa akiifufua. Juu kulikuwa na wapaka rangi wanaimba, ngazi na makopo kila mahali. Tangi lilikuwa nyuma ya jiko, katika chumba kidogo kilichojaa viti vibovu. Lilikuwa tangi la chuma lililozikwa ardhini, mfuniko wake umeshikwa na kutu. Kipara aliupiga nyundo mpaka mkono ukamuuma. Ulipofunguka ulitoa mlio mfupi, kama mtu anayevuta hewa kabla ya kusema.

Kurasa ndiye aliyekuwa amepiga magoti karibu zaidi. Alimulika. Kuta nyekundu za kutu, ngazi ya chuma, na chini kabisa maji kidogo ya rangi ya chai. Hakukuwa na harufu mbaya. Hakukuwa na panya wala mende, hata mbu. Nywele za mikono zikamsimama.

"Siingii," alisema.

Shemeji alikuwa anavaa mabuti. "Leo tena?"

"Shemeji, siingii. Na wewe usiingie."

"Sasa ataingia nani? Tuwaite wapaka rangi?"

"Tuliache wazi. Tukanywe chai, tukirudi tutaona."

"Chai tumekunywa sasa hivi, hata sijacheua." Alimtazama vizuri, akaona midomo yake inatetemeka, akashusha sauti. "Kurasa, mdogo wangu. Ni tangi. Limetengenezwa kiwandani. Lina muhuri. Hakuna mnyama."

"Najua hakuna."

"Basi?"

"Basi sijui! Naogopa tu!" Akaanza kulia, mtu mzima, mwenye miaka yake thelathini na ushei, mbele ya mpaka rangi mmoja aliyekuwa amechungulia mlangoni. "Kama lazima uingie, funga kamba. Nakuomba. Funga kamba nitanyamaza."

Shemeji alimtazama mpaka rangi, akamtazama Kipara, akainua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. "Haya, nifungeni. Mbuzi wa leo ndiye mimi."

Kurasa alimfunga mwenyewe, chini ya kwapa, akazungusha kifuani, akakaza fundo mpaka yule bwana akalalamika kwamba anatekenywa. Kisha shemeji akajipenyeza kwenye tundu kwa shida, tumbo kwanza, mabega baadaye, akashuka.

"Kurasa!" sauti yake ilivuma kutoka chini. "Nimemkuta! Anauliza kitabu cha tano kinatoka lini!"

Kipara aliangua kicheko. Brashi ikaanza kusugua chuma, kwaru, kwaru, kwaru. Kurasa alishika kamba kwa mikono yote miwili. Brashi ikapunguza mwendo.

"Kipara..." Shemeji alisema. Aliita kama mtu anayetaka kuagiza kitu dukani halafu akakisahau.

"Naam?"

Brashi ilianguka majini. Halafu kimya.

"Shemeji?" Kurasa aliita. "Shemeji!"

"Usimpe raha," Kipara alinong'ona, bado anacheka. "Anakuigizia. Mwache, atachoka mwenyewe."

Baadaye Kurasa hakuweza kamwe kusema walingoja kwa muda gani. Huenda ilikuwa kidogo sana. Alichokumbuka ni kwamba wapaka rangi huko juu walimaliza wimbo, wakaanza mwingine. Alivuta kamba. Ilikuja kidogo, ikagoma. Akachukua tochi, akainama.

Shemeji alikuwa amekaa chini ya ngazi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kwenye maji ya kutu, kama mtu aliyeshiba. Macho yalikuwa nusu wazi. Tochi ilimpiga usoni na hakupepesa.

Kipara naye akachungulia, akamwona. Kicheko kilimtoka usoni. "Ya Rabi. Shika tochi, nakwenda kumtoa." Alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye ngazi.

Hapo ndipo Kurasa alipofanya jambo ambalo watu walilizungumza miezi mingi. Alimvuta Kipara kwa ukosi wa shati, kwa nguvu ambazo hakujua anazo, akamwangusha juu ya viti vibovu. Kisha akakaa juu ya mdomo wa tangi, miguu ameipanua huku na huku, tundu lote liko chini yake.

"Ondoka!"

"Hushuki."

"Mtu anakufa, wewe mwanamke! Ondoka!"

"Hushuki! Wa kwanza ni chambo!"

"Nini?"

"Vuta kamba! Vuta tu, Kipara, vuta kamba!"

Kipara alimshika mkono akamkokota, naye aling'ang'ania ukingo wa chuma mpaka kucha zikakatika. Aliinua ngumi. Akaona uso wake, akaona kwamba angempiga mpaka mwisho naye asingetoka, akaishusha ngumi na kukamata kamba huku analia na kumtukana kwa pumzi moja. Walivuta. Mwili uliinuka kidogo, ukarudi. Kurasa alipiga kelele kuita watu. Wapaka rangi wawili walikuja mbio, madoa meupe kwenye nyusi, wakashika kamba bila kuuliza. Wanne wakavuta. Ukapanda, ukapanda, ukagota. Bega la shemeji lilikuwa limenasa chini ya mdomo wa tangi.

"Geuza bega! Mtu aingize mkono ageuze bega!"

Aliyekuwa karibu ni Kurasa. Akaondoka juu ya tundu, akapiga magoti.

Katika maisha yake yote hakuwa ameogopa vile na hakuogopa vile tena. Alijaza kifua hewa, akafunga mdomo, akafumba macho, akaingiza kichwa na mkono ndani ya tundu lile. Aligusa shingo ya shemeji yake, ilikuwa na jasho baridi. Alihisi jambo moja tu, kwamba kuna kitu kinangoja apumue. Alipapasa bega, akalisukuma ndani, akalizungusha. Likaachia. Shemeji akatoka kama jiwe linalong'oka, wakaanguka wote chali.

Uso wake ulikuwa rangi ya majivu na midomo rangi ya zambarau. Mmoja wa wapaka rangi alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza kazini, mahali pengine. Alimwinamia kifuani, akabonyeza, akampulizia mdomoni, akabonyeza. Kurasa alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Hakusaidia. Alikaa anatazama tundu, si mtu, akingoja kitu kitoke.

Shemeji alivuta pumzi moja yenye mlio wa shuka linalochanika.

Hospitalini dada yake alikuja na aproni ya jikoni, mguu mmoja kandambili ya bluu, mwingine ya kijani. Walikuwa kwenye ukumbi mrefu wenye benchi za chuma. Daktari alikuwa amesema mgonjwa yuko hai na kwamba kwa sasa hawezi kusema zaidi ya hapo. Kipara alikuwa hajaacha kulia. Ndiye aliyesimulia, na alisimulia yote.

"Nilitaka kumfuata. Wallahi nilitaka. Alinizuia. Alikalia tundu."

Dada aligeuka taratibu. "Ni kweli?"

"Kweli, dada."

"Mume wangu yumo ndani, na wewe umekalia tundu."

"Dada, mimi..."

"Uliogopa."

"Niliogopa."

Dada alijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa ndiye aliyemsuka nywele tangu mama yao afariki, aliyempa chumba, aliyempigania mbele ya mumewe ili apate kazi. "Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema. "Haya. Nenda nyumbani ukacheke."

Kurasa hakwenda. Alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango wa kutokea, akakaa mikono katikati ya magoti.

Mchana alikuja mtu wa zimamoto, mrefu, mwenye sauti ya kuchoka. Alikuwa ametoka kwenye lile tangi na vyombo vyake. Aliwaeleza kwamba chuma kikifungiwa miaka na unyevu hupata kutu, na kutu hiyo hula ile sehemu ya hewa inayomweka mtu hai. Kinachobaki hakina harufu wala rangi. Unakivuta kifuani kama hewa, nacho hakikulishi kitu. Kisha alimgeukia Kipara.

"Wewe ndiye uliyetaka kushuka?"

"Ndiyo."

"Basi mshukuru aliyekuzuia. Sisi tukiitwa kwenye kazi kama hii, mara nyingi tunakuta wawili. Wa kwanza kaanguka, wa pili kamfuata. Nimewahi kutoa baba na mwanawe." Aliangalia karatasi zake. "Na nani alisema afungwe kamba?"

Macho yote yalikwenda kwenye benchi la mwisho.

"Vizuri sana, dada. Ulijifunza wapi?"

Kurasa alitazama viganja vyake. "Nilisoma," alijibu.

"Safi. Wengi hawasomi," alisema mtu wa zimamoto, akaenda zake.

Kipara alikaa sakafuni kama gunia. Dada alitazama ukuta wa mbele, na kunyamaza kwake ndiko kule ambako hata mumewe alikuogopa.

Kurasa alirudi nyumbani peke yake jua likiwa bado kali. Alifungua madirisha yote, akaweka kiti katikati ya mlango wa nje, akakaa hapo nusu ndani nusu nje. Kabla ya siku hiyo hofu yake ilikuwa na mahali pa kutokea: angeweza kujiambia ni hadithi, akacheka, akalala. Sasa mtu wa serikali mwenye buti na karatasi amekuja kumwambia kwamba kipo. Hakina harufu. Hakina rangi. Mtu anachoka, anakaa. Alipumua na kujisikiliza anapumua, akahesabu, akashindwa kuacha kuhesabu. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine mbaya zaidi. Je, kama shemeji angekuwa ameteleza tu akavunjika mguu, maji yakimjaa mdomoni? Bado angekalia tundu. Alijijua. Angelikalia mpaka yule mtu afe.

Shemeji alizinduka siku ya pili. Ulimi ulikuwa mzito, mkono wa kushoto ulitetemeka, na baadhi ya maneno yalimkimbia. Kijiko alikiita "ile ya kuchotea". Kurasa alikwenda kumwona dada alipotoka kununua dawa. Alisimama mbali na kitanda.

"Kurasa." Alimwashiria kwa kidole asogee. "Huyo mnyama wako. Yukoje?"

"Shemeji, acha hayo, pumzika."

"Niambie."

"Hana umbo."

Alitikisa kichwa polepole. "Ni kweli, mimi sikuona kitu. Nilijisikia vizuri tu. Unanielewa? Vizuri kuliko siku nyingi. Nikataka kukaa kidogo. Nikasikia mnaniita, wewe unalia juu kule, nikasema moyoni, nitawajibu nikishapumzika." Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Ilikuwa raha, Kurasa. Hicho ndicho kinachonitisha. Usinifungie hilo pazia. Liache wazi."

Kurasa aliliacha pazia wazi. Alitoka nje, akashika ukuta, akatapika kwenye tuta la maua. Kitabuni waliokufa walionekana kwa nje tu, na mama yao juu. Hakuna aliyewahi kurudi kusema ilikuwaje.

Jioni dada alimkuta jikoni anamenya viazi. Alivuta stuli, akakaa, akachukua kisu cha pili.

"Yule wa zimamoto anasema ulimwokoa."

"Sikumwokoa kwa akili, dada. Sikujua habari za kutu. Niliogopa mnyama wa kitabuni. Hata kama hewa ingekuwa nzuri, hata kama mumeo angekuwa anakufa kwa jambo jingine kabisa, bado ningekaa palepale."

Ganda la kiazi lilianguka, na jingine.

"Ungeweza kusema ulijua," dada alisema. "Ningeamini."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu wewe ndiye ungekuwa unaamini. Mimi ningebaki na langu."

Dada aliweka kisu chini. "Sijui nikushukuru au nikupige."

"Anza na lililo jepesi."

Dada alichukua kitambaa cha kufutia vyombo, akampiga nacho kichwani, mara moja, kwa nguvu. Kisha akamvuta, akamkumbatia shingo. "Nilikwambia ukacheke," alisema. "Nilikwambia hivyo, mimi."

Kazi iliendelea, kwa kuwa matumbo hayana likizo. Kurasa na Kipara walikwenda zimamoto wakafundishwa, wakapata kipima hewa kinacholia kama kifaranga hewa ikiwa mbaya, na feni ya kupuliza ndani kabla ya mtu kushuka. Kipara sasa ndiye aliyekuwa mwoga zaidi. Alipima, akapima tena, akaomba Mungu, akapima. Wateja wengine waliwaona wazito wa kazi, wakatafuta watu wa haraka.

Kitabu cha tano kilitoka. Mzee wa vitabu alikileta mwenyewe mpaka mlangoni, kimefungwa gazeti, akasema hataki kusikia lolote mpaka naye amalize. Kurasa alikisoma mchana, kiti mlangoni. Katika sura ya mwisho msichana mchimbaji alisimama juu ya kisima kikavu akaimba, na Mnywapumzi akayeyuka kwa utamu wa sauti yake. Kurasa aliurudia ukurasa huo kuhakikisha ameusoma sawasawa. Kisha akakitupa kitabu ukutani, kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonea mtu. Halafu alikwenda akakiokota, akanyoosha kurasa zilizojikunja. Mzee alipokuja kumuuliza alisema, "Vinne ni vya mtu anayejua. Hiki cha tano mwenyewe hajawahi kushuka popote." Hata hivyo alikiweka pamoja na vingine, kwenye rafu, kwa mpangilio.

Shemeji alirudi nyumbani amekonda, kicheko kimebaki nusu. Kutembea alitembea, kula alikula. Kuoga ndiko kulikomshinda, kwa sababu bafu lao lilikuwa dogo, lisilo na dirisha. Dada aliuondoa mlango kwenye bawaba akatundika kanga, akakaa nje kwenye stuli, naye mumewe ndani akaimba muda wote ili wajue anapumua. Aliimba vibaya, maneno ameyachanganya, ya harusi na ya kanisani kwenye wimbo mmoja.

Siku ambazo dada alichoka, Kurasa alichukua stuli. Jioni moja walikaa wote wawili, mmoja kwenye stuli, mwingine sakafuni, wakichambua mchicha. Ndani maji yalimwagika, wimbo ukaenda, ukaenda, kisha ukakatika. Majani yakaanguka. Wote wawili walikuwa wamekwisha kusimama, mikono kwenye kanga, hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Nasugua uso!" alipaza sauti kutoka ndani. "Mtu hawezi kusugua uso?"

"Sugua huku unaimba!" dada alisema.

Akaimba, sabuni mdomoni. Walikaa chini tena, wakaokota mchicha.